Wasifu Ndio Unaokubishia Hodi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye diploma ya uhasibu, amezunguka afisi hadi afisi mwaka mzima. Juzi aliniletea wasifu wake niusome. Kurasa sita! Wa kwanza ulijaa dini, kabila na majina ya wazazi. Miezi minane aliyoweka hesabu za duka la jumla huko Gikomba ilikuwa imejificha ukurasa wa tano.

"Ile si kazi, dada," akaniambia. "Kilikuwa kibarua tu."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwajiri ana rundo la barua mezani; hana wakati wa kukutafutia sifa. Kurasa mbili zatosha. Tanguliza jina, anwani na simu, kisha kazi ulizofanya, vibarua vikiwemo, ukianzia ya karibuni. Usijiite "mchapa kazi", eleza ulichofanya: "Niliandika mauzo ya kila siku na kuyalinganisha na taarifa za benki kila Ijumaa." Masomo yafuate, halafu watu watatu wanaokujua kikazi, baada ya kuwaomba ruhusa.

Wala usitie chumvi. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa watumishi zaidi ya 2,000 walikuwa na vyeti ghushi. Njia ya mwongo ni fupi.

Kijana wetu sasa ana kurasa mbili, na Gikomba iko juu. Kazi bado hajapata, lakini wiki jana aliitwa kuhojiwa kwa mara ya kwanza.