Michembe ya Shinyanga Yahitaji Alama ya Ubora

Kila Agosti 8, wakulima wa Shinyanga huungana na wenzao wa Simiyu na Mara katika Maonesho ya Nane Nane, viwanja vya Nyakabindi, Bariadi. Hapo michembe, yaani viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa juani, pamoja na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza, yanastahili meza ya mbele. Kwa Wasukuma hiki ni chakula cha akiba kisichohitaji kopo wala jokofu. Wachimbaji dhahabu wa Geita ni wateja walio jirani. Kikwazo ni vumbi la kuanika chini na ukosefu wa vifungashio. Kwa mama anayepima kwa bakuli gulioni, mafunzo ya usindikaji ya SIDO na alama ya TBS yana uzito kuliko cheti cha ushiriki.