Lilanga yuko ukutani kwa nani?

Ingia ofisi yoyote ya serikali Nachingwea au Ruangwa, utakuta picha ya Rais ukutani. Ingia sebuleni kwa msomi mwenzangu, utakuta kalenda ya benki na pengine maporomoko ya maji yaliyochapwa China. Sasa nauliza: ni wapi umeona picha ya George Lilanga?

Lilanga ndiye nani? Haya, tuanzie hapo. Ni Mmakonde, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, majirani zetu kabisa. Alianza kwa kuchonga. Miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, ndugu yake, mchongaji Augustino Malaba, akamsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Ulinzi! Humo humo akaanza kuchora, akajifunza na kuchapa picha. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Wachoraji wa sura wa Ufaransa wa karne ya 19 walisota kwenye akademi ili waje kuchora matajiri waliokaa wima kwenye viti. Lilanga alichora mashetani wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, wakicheza, wakipiga soga. Waangalie vizuri, utamtambua jirani yako. Kwangu mimi hizo ni sura za watu kuliko za wale matajiri.

Na hapa ndipo ninapokereka. Picha ya kuchapa haikukusudiwa kukaa kabatini kwa tajiri mmoja. Bati linapakwa nta, mchoraji anakwaruza mistari yake, tindikali inakula palipokwaruzwa, wino unaingia humo, kisha karatasi inagandamizwa juu. Bati moja linatoa karatasi nyingi, na bei inashuka. Ni sanaa ya mtu wa mshahara mdogo! Lakini walionunua ni watalii na wakusanyaji wa Ulaya, sisi tukasema sanaa ni ghali huku tukilipia maporomoko ya China.

Kisukari kilimfanya akatwe miguu, naye akaendelea kuchora. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Halmashauri zetu huchapisha kalenda zenye nyuso za viongozi. Ile ya mwaka ujao iwekwe mashetani kumi na wawili wa Lilanga, kila mwezi mmoja. Ila familia yake ilipwe kwanza, tafadhali.