Viti vya Watoto vya Mtumba: Tarehe Kwanza, Bei Baadaye

Kiti cha mtoto cha garini kikiingia sokoni kama mtumba, hupangiwa bei kwa usafi wa kitambaa. Huo ni upimaji mbovu wa mali. Anachonunua mzazi ni plastiki na mikanda, na vyote huchoka kwa jua na umri. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 6 hadi 10. Tarehe hupigwa chapa chini au nyuma ya kiti.

Tangu Septemba 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kuuza viti vya kiwango cha zamani, R44. Si vyote vibovu, lakini tutarajie vingi kutafuta soko kwingine.

Wanunuzi wa Ngara na Biharamulo wawe wagumu zaidi. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo wanatumia pamoja na malori ya Rwanda na Burundi. Kiti kizima nacho hakisaidii iwapo mikanda ya nyuma imezikwa chini ya makava (tabia ya ajabu) na kiti kimeegeshwa tu. Hapo mtoto amekalishwa, hajafungwa.

Mfanyabiashara akikosa kuonyesha tarehe, bei ya haki ni sifuri.