Baba Watoto Amefunga Hesabu

Mwezi huu napenda tuongee juu ya nyumba ambayo baba ni mhasibu. Wengi humwonea wivu mtu huyu: anavaa shati safi, anakaa kivulini, hashiki jembe wala nyavu. Lakini anayeishi naye mwezi wa Juni anajua kwamba kalamu nayo huchosha.

Kwa nini Juni? Mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba 31 hupewa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 miezi sita ya kupeleka ritani kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Miezi hiyo huisha Juni 30. Siku hiyo hiyo ni mwisho wa kulipa awamu ya pili ya kodi ya mwaka unaoendelea. Serikali nayo hufunga mwaka wake wa fedha Juni 30, kwa hiyo mhasibu wa halmashauri hana nafuu. Mchuuzi wa samaki aliyekaa na risiti miezi yote huzileta kwa siku moja, nyingine zimefifia hata hazisomeki. Mhasibu anarudi usiku, ugali umepoa, watoto wamelala.

Halafu Julai inaingia, na hapo ndipo mama hushangaa. Alitegemea furaha, lakini anaona mtu aliyenyamaza, anayelala mchana na kukasirika kwa jambo dogo. Mama mmoja aliniambia, "Nesi, mume wangu amerudi, lakini ni mwili tu uliorudi." Alikuwa ameanza kufikiri kuna mwanamke mwingine. Nikamwomba aje naye. Baba yule alisema kichwa kinamuuma kwa sababu ya kompyuta tu. Tulimketisha kimya dakika tano, tukampima presha: 168 kwa 104. Tulirudia siku nyingine, bado ilikuwa juu. Akaanzishiwa matibabu. Jamani, presha mara nyingi haina dalili, na isipotibiwa huweza kuleta kiharusi!

Basi, mama, fanya hivi Julai hii:

1. Usimpokee na orodha ya madai. Paa linalovuja, ada na harusi ya ukweni ni mambo ya kweli, lakini mpe siku chache kwanza. Kisha mkae pamoja, mchague la kuanza nalo.

2. Msaidie kulala vizuri. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Alale mapema kwa saa ile ile kila siku, kuliko kukesha na kisha kulala hadi mchana. Chai ya rangi na soda za usiku zilizomkesha ofisini sasa ziachwe.

3. Angalia sahani. Sato na mboga za majani tunavyo. Chumvi yote anayokula mtu mzima kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi. Jioni tembeeni pamoja hadi ziwani. Mtu aliyekaa kitini wiki nyingi anahitaji kunyoosha miguu.

4. Apimwe presha, hata kama anajiona mzima. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, arudi kupimwa siku nyingine. Akipewa dawa, asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

5. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Awamu nyingine za kodi ni Septemba 30 na Desemba 31. Mkizijua mapema, hamtapanga ugeni wala safari katika wiki hizo, na watoto wataelewa kwa nini baba anachelewa.

Na kama mhasibu ni wewe mwenyewe, dada yangu? Hapo mzigo ni mara mbili, maana ukimaliza vitabu unaanza jiko. Mwambie baba watoto wazi kwamba umechoka. Vijana wa kiume nao wanaweza kuchota maji na kusonga ugali, mikono haitadhurika. Nawe pia upimwe, usiwe mtu wa kupeleka wengine tu hospitali.

Msisubiri Juni nyingine. Hadi mwezi ujao, kaeni salama.