Mama, usiteseke kimya

Leo nazungumza na wewe mama uliyevuka miaka 45. Usiku unaamka shuka limelowa jasho, mwili unawaka moto, na mwenzako amejifunika blanketi. Unamwambia nani? Wengi hamumwambii mtu. Mnakwenda kimyakimya kununua mitishamba ya Kichina, kwa kuwa muuzaji haulizi maswali mengi.

Sikulaumu. Marko sura ya 5 inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Yesu hakumkemea kwa kuhangaika kwake. Alisimama, akamsikiliza mbele ya umati, akamwita binti.

Wala siiti mitishamba ushirikina. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria ina asili katika mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi. Mtafiti wao, mama Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini dawa ile ilipimwa kwanza. Paulo naye anawaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote, kisha walishike lililo jema.

Sasa tupime. Mzizi uitwao danggui, maarufu kwa shida za wanawake, ulijaribiwa Marekani kwa wanawake 71 waliokoma hedhi. Kwa wiki 24 wengine walipewa mzizi huo, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 hayakuonyesha tofauti katika lile joto la ghafla. Waganga wa Kichina hujibu kwamba wao huuchanganya na mimea mingine, na hoja hiyo ni ya haki. Basi mchanganyiko nao upimwe.

Kuna hatari pia. Danggui ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kusababisha kutokwa na damu kupita kiasi. Na ukiona damu baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi, usinunue chochote. Nenda hospitali. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Ndugu zangu, kosa kubwa ni letu kanisani. Tuna semina za ndoa na za vijana, lakini kukoma hedhi hatukutaji, kana kwamba Mungu aliyeumba mwili wa mwanamke anauonea aibu. Viongozi wa akina mama, mwalikeni muuguzi Jumapili moja. Baba, muulize mkeo amelalaje, kisha msikilize. Nawe mama, unapokwenda kliniki, beba kopo la dawa unayotumia, umwonyeshe daktari bila woga.

Yule mwanamke wa Marko alisema kweli yote, akaenda zake kwa amani. Jumapili njema.