Sodiamu ya Maabara na Betri ya Mfukoni

Katika maabara nyingi za sekondari, mwalimu wa kemia hudondosha kipande kidogo cha sodiamu ndani ya beseni la maji. Kipande hukimbia juu ya maji, hufuka, na pengine huwaka. Mwanafunzi huelezwa kwamba lithiamu nayo ni ya kundi hilo hilo. Somo ni sahihi. Lakini wengi hutoka nalo wakiamini kwamba betri ya simu ikiwaka haifai kumwagiwa maji. Na imani hiyo ni potofu, tena ya hatari.

Chumvi ya mezani ina sodiamu, lakini hailipuki ikitiwa mchuzini, kwa kuwa iliyomo ni ayoni, si metali. Vivyo hivyo, katika betri za kuchaji za simu na pikipiki za umeme, lithiamu imo hasa katika hali ya ayoni. Adui hapa ni joto. Seli ikitobolewa, au ikichajiwa kupita kiasi, kemikali zake huvunjika na kutoa joto. Joto hilo huzidisha uvunjikaji, na seli moja huiwasha jirani yake. Mchanga hauukomeshi mwendo huo, maana joto latoka ndani. Chaja ikishachomolewa, maji mengi ndiyo yanayopoza. Betri zisizochajiwa zenye metali ya lithiamu ni jambo jingine: hizo ndizo zilizowaka mwaka 2024 katika kiwanda cha Hwaseong, Korea Kusini, wakafa watu 23.

Onyo la pili ni la moshi. Moshi wa betri huweza kuwa na haidrojeni floraidi, gesi ichomayo mapafu, pamoja na gesi ziwezazo kulipuka. Katika jiji la New York, mioto ya betri za kuchaji iliua watu 18 mwaka 2023. Kwa hiyo betri ya pikipiki ikiwaka ndani, watu watoke, mlango ufungwe, na zimamoto waitwe. Betri iliyovimba isichajiwe wala isitobolewe, na betri yoyote isichajiwe penye njia ya kutokea.

Yafaa basi kila onyesho la sodiamu lifuatiwe na maelezo haya. Mwanafunzi aandikaye mlinganyo wa sodiamu na maji bila kosa, lakini asijue la kufanya simu inapofuka moshi kitandani, amefundishwa nusu ya somo.