Siku Zilizoandikwa Kwenye Pakiti ya Dawa



Wasomaji wetu wanakijua kisa cha rundo la nafaka. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chakula kilichorundikwa, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa kuiweka iliyorowa chini na kavu juu, mnunuzi asione. Wanazuoni wamejenga juu ya kisa hicho hukumu nyingi za biashara, nasi leo twataka kukileta kwenye trei ya mayai.

Ufugaji wa kuku nyuma ya nyumba umewasomesha watoto wengi katika mitaa yetu, na wafugaji wengi ni akina mama. Kuku mmoja akisinzia, mbawa zikalegea, mama hukimbilia duka la dawa za mifugo na kuuziwa unga wa kutia majini, pengine bila kuulizwa kuku ana nini. Aghalabu unga huo ni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya jamii moja na dawa wanazopewa wanadamu. Wengine hufungua kapsuli zilizobaki za mtoto wakazimimina katika maji ya kuku. Na ikiwa maradhi ni kideri, fedha hiyo imekwenda bure, kwani kideri ni ugonjwa wa virusi, na dawa ya bakteria haivigusi virusi.

Kwenye pakiti hiyo pameandikwa idadi ya siku. Hizo ni siku za kungoja tangu dozi ya mwisho, mpaka mwili wa mnyama uisafishe dawa, ndipo yai, maziwa au nyama yake iliwe. Kila dawa ina siku zake, na siku za yai huenda zisiwe sawa na za nyama. Zipo dawa zisizoruhusiwa kabisa kwa kuku anayetaga. Yai lililouzwa kabla ya siku hizo halina doa wala harufu, na jiko halitegemewi kuondoa mabaki hayo: kuchemsha maziwa huua vijidudu, si lazima kuondoe dawa. Muuzaji ndiye pekee ajuaye. Hii ndiyo nafaka iliyorowa.

Lakini yai ni nusu ya habari. Dawa inapotolewa kidogo kidogo, au bila sababu, huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao huzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Bakteria hao hutoka bandani kwa mikono isiyonawa, kwa mbolea tunayotia kwenye mchicha, kwa maji ya mvua. Siku mtoto akiugua kwa bakteria wa namna hiyo, dawa ya hospitali haimsaidii. Mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kuwa usugu huu uliua watu milioni 1.27 duniani, na Afrika Magharibi ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Wala si kwamba hakuna la kufanya. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kuwa wamekuta, katika nguruwe, katika nyama ya madukani ikiwemo ya kuku, na kwa wagonjwa, jeni inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na kuweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kolistini ni dawa ya akiba, ya mgonjwa ambaye nyingine zimemshinda. Wafugaji walikuwa wakiichanganya katika chakula ili wanyama wanenepe. Mwaka 2017 China ikakataza matumizi hayo, na usugu ulipopimwa tena katika nguruwe na kuku ulikuwa umeshuka sana. India nayo ikafuata mwaka 2019.

Sasa tuseme kweli. Ni rahisi kwa aliyeketi barazani kumwambia mjane atupe mayai. Mwenye mayai 80 kwa siku, akingoja siku 7, hupoteza mayai 560, trei 18 na zaidi. Hiyo ni karo. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya maradhi: chanjo ya kideri kwa wakati wake, matandiko makavu, vyombo vya maji vioshwe kila siku, kuku mgeni atengwe kwanza, na aliyeugua aonwe na mtu wa mifugo kabla ya duka.

Na mnunuzi ana deni lake. Akiambiwa, "Leo siuzi, kuku wako kwenye dawa," kisha akahamia kwa jirani asirudi tena, huyo amemfundisha muuzaji kunyamaza. Vikundi vyetu vya akina mama vina mfuko wa harusi na mfuko wa maziko; twaona havishindwi na mfuko mdogo wa kumfidia mwenzao siku za dawa. Kwa kuanzia, chaki yatosha: tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye mlango wa banda, na chini yake tarehe ya kuanza kuuza, mahali ambapo hata mtoto anayetumwa mayai ataisoma.